Ndege Iliyopotea na Ishara Zake za Mwisho

Rada ya uongozaji wa ndege husaidiwa na kifaa kilichomo ndani ya ndege, ambacho kila kinapoulizwa hujibu kwa kutaja utambulisho wa ndege na kimo inachoruka. Kifaa hicho kikinyamaza, au ndege ikienda mbali baharini ambako mawimbi ya rada hayafiki, waongozaji hubaki na kioo kitupu. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege ya Malaysia Airlines, safari MH370, iliyoondoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku wa Machi 8, 2014 kuelekea Beijing ikiwa na watu 239, ikatoweka machoni pa waongozaji kabla ya kutimiza saa moja angani.

Kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Setilaiti ya kampuni ya Inmarsat, iliyo juu ya Bahari ya Hindi kwa kimo cha takriban kilomita 36,000, iliendelea kupitisha swali fupi kutoka kituo cha Perth, Australia, kila ukimya ulipofika kama saa moja, la kutaka kujua iwapo mtambo wa ndege ungali hewani. Nao uliendelea kujibu, na mawasiliano ya mwisho yakanaswa saa 2:19 asubuhi kwa saa za Malaysia. Majibu hayo hayakutaja mahali. Hata hivyo, kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri mita 300 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda wa jibu kufika ulitosha kupima umbali kati ya ndege na setilaiti, na umbali huo ukichorwa kwenye ramani hutoa duara ambalo ndege ilikuwa mahali fulani juu ya mstari wake.

Ugumu ulikuwa kujua kama ndege ilielekea kaskazini, upande wa Asia, au kusini kwenye bahari tupu. Jawabu lilitoka katika masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ambayo hubadilika chombo kinapokaribia au kinapokwenda mbali. Mkazi wa Kibera, Nairobi, anayeishi kando ya reli huisikia tofauti hiyo pale honi ya treni iliyokuwa nyembamba inaposhuka na kuwa nzito mara treni inapompita. Setilaiti yenyewe, iliyorushwa mwaka 1996, haikuwa imetulia kabisa mahali pake bali iliyumba kidogo kaskazini na kusini mwa ikweta, na mwendo huo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro, ndio uliowawezesha wahandisi kuzitenganisha njia mbili na kuichagua ya kusini.

Bahari iliwaunga mkono. Juni 2016 kipande cha bawa la kulia kilikutwa kisiwani Pemba, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia walithibitisha, kwa namba na mihuri ya kiwandani, kuwa ni cha MH370. Walibaini pia kwamba yaelekea sana kipande hicho kilikuwa kimekunjwa ndani ya bawa kilipong'oka, hali isiyolingana na rubani anayejiandaa kutua majini. Lakini duara si nukta: kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilipekuliwa hadi Januari 2017 bila mabaki kuonekana.

Baada ya msiba huo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kanuni za kufuatilia ndege kubwa kila dakika 15, na kuzitaka ndege mpya zinazozidi tani 27 zitume zenyewe mahali zilipo kila dakika zinapokuwa hatarini. Ndege ndogo, kama zinazopaa kutoka uwanja wa Wilson, jirani na Kibera, hazimo katika kanuni hizo. Hizo hutegemea zaidi kisambaza ishara kinachowashwa na kishindo cha ajali, ambacho hupeleka wito kwa masafa ya megahezi 406 kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, na antena yake ikikatika katika ajali hiyohiyo wito haufiki. Juni 5, 2018 ndege ya aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi na watu 10 ilitoweka kwenye Milima ya Aberdare, ikapatikana siku ya tatu, baada ya watafutaji kuhangaika na ukungu na baridi. Vifaa vya kutuma mahali ndege ilipo kwa setilaiti wakati bado inaruka vinauzwa hata kwa ndege za ukubwa huo, na hakuna sababu ya kitaalamu ya abiria wa Kitale kupewa ulinzi mdogo kuliko abiria wa Beijing.