Je, Wajua? Amin wa kwanza wa filamu alifia kazini
Makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, kuokoa mateka, usiku wa kuamkia Julai 4, 1976. Desemba 13 mwaka huohuo, filamu ya Victory at Entebbe ilikuwa tayari kwenye televisheni za Marekani!

Godfrey Cambridge, aliyeigiza Rais Idi Amin wa Uganda, alipatwa na mshtuko wa moyo wakati wa kurekodi, akafariki. Masikini, alikuwa na miaka 43 tu. Julius Harris akachukua nafasi yake.

Januari 1977 ikafuata Raid on Entebbe, Amin akiwa Yaphet Kotto.

Na ile Mercedes nyeusi inayoonekana kwenye filamu? Si mbwembwe za sinema. Makomando waliishusha kweli kutoka kwenye ndege, ili walinzi wadhani Amin mwenyewe amewasili.