Mtoto Ameleta Mbwa Nyumbani: Mama Ajiandae Vipi?

  Kama unachambua sukuma au unakunja nguo za watoto, endelea tu na kazi yako, nami nitaongea taratibu.

Jambo letu la leo huanza hivi. Shule zimefungwa na watoto wameenda kwa nyanya yao mashambani. Siku ya kurudi, mmoja wao anashuka kwenye matatu akiwa amekumbatia katoni, na ndani ya katoni kuna kitu kinacholia. "Mama, nyanya ametupa mbwa! Anaitwa Simba!" Hujaulizwa na hujajiandaa, lakini Simba tayari yuko mlangoni na watoto wanakutazama usoni.

Sitakuambia umrudishe. Mbwa ni mlinzi, na mtoto anayemtunza mnyama hujifunza huruma na kuwajibika. Lakini mbwa wa kwanza nyumbani huja na kazi, gharama na magonjwa yake, na mengi ya magonjwa hayo humpata mtoto kabla ya mtu mzima. Kwa hiyo tuanze na maswali ambayo yangefaa kuulizwa kabla ya ile katoni kupakiwa.

Swali la kwanza: ni nani atamlisha? Watoto watakuambia, "Sisi!" Watamlisha kweli, kwa wiki mbili. Shule zikifunguliwa, atakayeamka kumpa maji na kuzoa kinyesi chake ni wewe. Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka 10 au zaidi. Mtoto wako aliye na miaka 8 leo huenda akawa amemaliza sekondari na kuondoka nyumbani, na Simba bado yuko pale mlangoni anakungoja umpe chakula. Ikiwa unaishi kwenye nyumba ya kukodi, muulize mwenye ploti kwanza. Waulize majirani pia. Kwa jirani Mwislamu, mate ya mbwa ni najisi, na hatapenda mbwa wako alambe sufuria zake kwenye mfereji wa pamoja. Ni vyema kuelewana mapema kuliko kugombana baadaye.

Sasa tuseme umekubali. Mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Anayetolewa mapema hudhoofika, na tena huwa hajajifunza kwa ndugu zake jinsi ya kucheza bila kuuma kwa nguvu. Mtengenezee mahali pake pa kulala, hata kama ni sanduku lenye gunia ndani, mbali na jikoni na mbali na kitanda cha watoto. Mpe ugali laini wenye omena au mchuzi wa nyama, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Maziwa mengi ya ng'ombe huweza kumharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuwa mikali kama sindano, inaweza kutoboa matumbo yake. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo wakati wote.

Tuje kwa minyoo. Wewe mama unajua kijitabu cha kliniki cha mtoto: wiki ya 6, ya 10, ya 14, hurukiruki tarehe. Mbwa naye ana tarehe zake. Karibu kila mtoto wa mbwa ana minyoo, kwa sababu huipata akiwa bado tumboni mwa mama yake au kupitia maziwa anayonyonya. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi afike miezi 2 au 3, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo kila baada ya miezi 3. Dawa ipimwe kulingana na uzito wake. Muulize afisa wa mifugo, usikadirie kwa macho.

Kwa nini tujali minyoo ya mbwa? Kwa sababu mayai yake hutoka na kinyesi na kubaki kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto wako mdogo anacheza kwenye udongo huo huo, halafu anatia vidole mdomoni. Ndani ya mwili wa mtoto minyoo hiyo hupotea njia. Badala ya kukaa tumboni huzungukazunguka hadi kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine kwenye jicho, ambako inaweza kuharibu kuona. Kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku na kutupwa chooni au kufukiwa, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika mbwa. Usimruhusu amlambe mtoto usoni, hata kama watoto wanacheka na kulifurahia jambo hilo.

Kuna mnyoo mwingine mbaya zaidi, na wenzetu wa Turkana wanaujua vizuri. Mbwa hula maini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye mifuko ya maji, na mnyoo mdogo sana hukua tumboni mwake. Mayai yake yakimwingia mtu, mifuko kama ile ile hukua kwenye ini lake, pole pole kwa miaka mingi, hadi tumbo livimbe. Wengi Turkana wamelazimika kupasuliwa ili kuitoa. Mkichinja nyumbani wakati wa sherehe, usimtupie mbwa matumbo mabichi. Choma au fukia kwa kina yale yasiyofaa kuliwa.

Viroboto, kupe na funza sitazungumzia sana. Jua tu kwamba funza anayeingia kwenye miguu ya watoto huingia pia kwenye miguu ya mbwa, kwa hiyo ukitibu watoto na kumwacha mbwa, umefanya nusu ya kazi.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu tumefika mahali ambapo maisha hupotea. Nazungumzia kichaa cha mbwa.

Duniani, watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Hapa Kenya ugonjwa huu umekuwepo zaidi ya miaka 100. Mwaka 2014 serikali ilitoa mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana nao kufikia mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Simba wako ni mmoja wa hao 70.

Nikupe mfano, ambao wahudumu wa afya wataujua ingawa majina hubadilika. Kijana wa miaka 7 anacheza na mbwa wake wa miezi 3. Mbwa anamuuma kidole, damu inatoka tone moja tu. Mama alikuwa amesema, "Ukiendelea kumchokoza huyo mbwa nitakuchapa." Kwa hiyo kijana ananyamaza. Anafuta damu kwenye kaptura na kuendelea kucheza. Siku chache baadaye mbwa anakataa kula, mate yanamtoka, mdomo hauzibi. Baba anadhani amekwamwa na mfupa, anamtia mkono kinywani kuutafuta. Hapati mfupa. Mbwa anakufa, anatupwa kichakani, na watoto wanaahidiwa mwingine. Wiki sita zinapita. Kijana anasema kidole kinamwasha na kumchoma, ana homa, halali. Akipewa maji koo linakaza na anaogopa kikombe. Hospitalini daktari anauliza, "Je, aliwahi kuumwa na mbwa?" Mama anasema hapana, kwa sababu hajui.

Dalili zikishaonekana, hakuna dawa. Karibu kila mgonjwa hufa.

Turudi nyuma tutazame. Mbwa yule hakuwa amechanjwa, kwa sababu watu hudhani mbwa mdogo hana kichaa. Anaweza kuwa nacho. Mtoto aliogopa kiboko kuliko kidonda. Mbwa aliyekufa ghafla hakuripotiwa kwa afisa wa mifugo. Na baba, ambaye mkono wake uliingia kwenye mate, alihitaji matibabu pia. Pale palikuwa na nafasi nne za kuokoa maisha, na zote zilipita bila mtu kujua.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kukiwa na kampeni ya chanjo karibu nawe, mpeleke hata kama hajafika miezi 3. Anaweza kuchanjwa mapema, kisha arudiwe. Kampeni nyingi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize chifu au ofisi ya mifugo ya kaunti. Cheti cha chanjo kiweke pamoja na vijitabu vya kliniki vya watoto, usikifunge kwenye leso kikapotea. Ukiwa huko uliza pia kuhusu chanjo ya Parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua mbwa wachanga wengi, na kuhusu kumfunga uzazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa wiki 9 hivi tu, na wale watoto sita au saba atakaozaa ndio watakaokuwa kwenye katoni za wengine.

Lakini mtoto akiumwa, ufanye nini? Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usifunge kidonda. Kioshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mtoto atalia, na mkono wako utachoka kumimina kwa kopo. Endelea. Sabuni huua virusi vya kichaa, na kuosha huku peke yake hupunguza hatari sana. Kisha paka spiriti au ayodini kama ipo, na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Hospitalini mtoto huchanjwa mara kadhaa, kwa kawaida mara 4 au 5, kuanzia siku ya kwanza na kuendelea kwa wiki 2 hadi 4. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi mtu huchomwa kwenye mkono, na mtoto mdogo kwenye paja. Meno yakiwa yametoboa ngozi, kuna dawa nyingine inayodungwa kandokando ya kidonda chenyewe. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia huchanjwa bila shida. Usikatize tarehe kwa sababu kidonda kimepona. Kupona kwa ngozi hakumaanishi hatari imekwisha, kwani ugonjwa huu kwa kawaida hukaa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kujitokeza, na mara chache hata zaidi ya mwaka.

Na mbwa je? Asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji bila kuguswa, atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, daktari anaweza kusimamisha chanjo ya mtoto. Akifa au akibadilika tabia, mwite afisa wa mifugo, wala usimguse kwa mikono mitupu.

Kuna njia ya kupunguza kuumwa kwenyewe. Wafundishe watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wakikutana na mbwa wasiyemjua wasikimbie: wasimame tuli kama mti, mikono kando, wasimtazame machoni. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiachwe peke yake na mbwa, hata Simba mpole wa nyumbani, kwa sababu kimo chake humweka uso kwa uso na meno. Na usimfunge mbwa mnyororo mchana kutwa ukidhani unamfanya awe mkali kwa wezi. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa kila mtu, na aliye karibu naye zaidi ni mwanao.

Kama watoto wako wanapenda paka badala ya mbwa, paka naye huchanjwa kichaa. Wewe ukiwa mjamzito, mtu mwingine azoe kinyesi cha paka, tena kila siku, kwa kuwa kinaweza kubeba kijidudu kinachomdhuru mtoto aliye tumboni.

Jioni ya leo, kabla hata ya katoni kufika, waite watoto mketi. Gaweni kazi: nani wa maji, nani wa kinyesi, nani wa kuosha chombo chake. Piga hesabu ya dawa ya minyoo na chanjo, na kama pesa hazitoshi, waambie bado, mwaka ujao. Halafu waambie neno hili kwa sauti ya upole, na urudie mara nyingi: "Mbwa akikuuma, hata kidogo, hata kama ni wewe uliyemchokoza, njoo uniambie. Sitakuchapa."