Mshipa Upi? Ateri, Vena na Neva za Mguu katika Kiswahili cha Tiba: Mfano wa Mteremko wa Kiriri, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Kiriri ni mtaa ulio kwenye miinuko ya mashariki ya Bujumbura, unaotazama jiji na Ziwa Tanganyika. Chuo Kikuu cha Burundi kina kampasi hapo, ilhali kitivo chake cha tiba kiko Kamenge. Njia za Kiriri ni za kupanda na kushuka, hivyo mwenye maradhi ya mguu huyahisi mapema akiwa safarini. Afikapo kwa daktari, msemaji wa Kiswahili kutoka Buyenzi huweza kusema tu kwamba mshipa unauma. Neno la Kirundi umutsi nalo lina upana kama huo. Daktari, kwa upande wake, amefunzwa zaidi kwa Kifaransa, lugha inayotenga ateri, vena na neva kwa majina matatu. Makala haya yanafafanua njia hizo tatu mguuni na kuonyesha kuwa kutozitofautisha kwa maneno ni suala la usalama wa mgonjwa.

2.0 Njia Tatu Ndani ya Mguu

Ateri huleta damu kutoka moyoni. Ateri ya paja huingia kupitia kinena, hushuka, hupita nyuma ya goti, kisha hutoa matawi ya mbele na ya nyuma ya ugoko. Mapigo yake huweza kuhisiwa kwa vidole kinenani, juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Goti likiteguka vibaya, ateri iliyo nyuma yake huweza kuchanika au kuziba. Damu isiporejeshwa ndani ya takriban saa 6, hatari ya kukatwa mguu huongezeka sana.

Vena hurudisha damu moyoni, na mtu anaposimama damu hiyo hulazimika kupanda. Misuli ya shavu la mguu huikamua kila hatua, na vali ndogo huizuia isirudi chini. Vena ndefu kuliko zote mwilini huanzia wayoni, hupita mbele ya kifundo cha ndani na kuishia kinenani. Vali zikilegea, damu hutuama: mguu huvimba jioni, vena hujipinda chini ya ngozi, na vidonda huweza kutokea karibu na kifundo.

Neva hazibebi damu. Hupeleka amri kwa misuli na kurudisha hisia. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, huundwa na mizizi miwili ya kiuno na mitatu ya sakramu. Hupita ndani ya tako, na ndiyo sababu sindano ya takoni ikichomwa pasipostahili huweza kupoozesha mguu wa mtoto. Karibu na goti hugawanyika, na tawi lake moja huizunguka shingo ya mfupa wa fibula likiwa chini tu ya ngozi. Pigo au plasta iliyobana mahali hapo huweza kuliumiza, na mgonjwa akashindwa kuinua wayo.

3.0 Ushahidi wa Mteremko

Mteremko wenyewe husaidia kutenganisha maana za neno mshipa. Mtu ambaye ateri zake zimekuwa nyembamba huumwa shavu la mguu anapopanda, kwa kuwa misuli huhitaji damu zaidi ya ile inayofika. Akisimama dakika chache, maumivu hupoa hata asipoketi.

Mtu ambaye neva zake zimebanwa kiunoni mara nyingi huwa kinyume chake. Anapopanda huinama mbele, nafasi ya neva hupanuka, naye hupata nafuu. Anaposhuka hujinyoosha, na maumivu au ganzi huongezeka. Kusimama tu hakumsaidii. Hutafuta mahali pa kuketi au pa kuinamia. Mwenye udhaifu wa vena huhisi uzito zaidi baada ya kusimama muda mrefu, na hupata nafuu akilala na kuinua miguu.

Watu hawa watatu huweza kutumia sentensi ileile moja. Wa kwanza akifungwa bandeji ya kubana inayomfaa wa tatu, damu chache inayofika wayoni huzidi kupungua.

Hatari kubwa zaidi ni ya mgonjwa asiyelalamika. Kisukari huharibu neva na ateri kwa pamoja: neva iliyokufa ganzi huficha jeraha, na ateri iliyoziba hulizuia lisipone. Akiulizwa kama mshipa unauma, atajibu kwa ukweli kwamba hauumi, ilhali wayo unaoza.

4.0 Athari kwa Sera

Istilahi ateri, vena na neva zimekwisha kuingia katika Kiswahili; pengo liko kati ya kamusi na chumba cha daktari. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo iko Zanzibar. Kazi ya kuoanisha istilahi za mwili kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa ina mahali pa kuanzia.

Si lazima neno mshipa lifutwe. Linaweza kubaki kuwa jina la jumla, mradi mhudumu afunzwe kuuliza maswali yanayolifafanua: maumivu huja wakati wa kupanda au wa kushuka? Hutulia kwa kusimama, kwa kuketi au kwa kuinua mguu? Wayo unahisi mguso? Kisha mapigo mawili ya wayoni yapimwe kwa vidole, hata kwa mgonjwa asiyelalamika.

5.0 Hitimisho

Lugha ya mgonjwa haina kosa. Hutaja mahali panapouma kwa neno alilorithi. Wajibu wa wataalamu wa lugha na wa tiba ni kulipatia neno hilo matawi yake, ili swali la mshipa upi liulizwe mapema, mguu ungali unaweza kuokolewa.