Ndigana Kali: Tezi Ikivimba, Mwite Daktari wa Mifugo

Masika yanapoingia Unguja, majani hustawi na kupe nao huongezeka malishoni. Huu ndio wakati ambao wafugaji, hususan wenye ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara, wanapaswa kujihadhari zaidi na ndigana kali.

Ugonjwa huu husababishwa na kimelea kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Haumwambukizi binadamu. Kupe mchanga hukipata kimelea anaponyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, huanguka, hujivua gamba, kisha hukipeleka kwa ng'ombe mwingine. Kwa kawaida kupe hung'ang'ania siku kadhaa kabla ya kimelea kupenya kupitia mate yake. Ndiyo maana dawa ya kupe hunyunyizwa kwa ratiba isiyokatika, na masikio yasisahauliwe.

Dalili ya mwanzo ni kuvimba kwa tezi iliyo chini ya sikio au mbele ya bega, pamoja na homa. Maziwa hupungua, na baadaye ng'ombe hupumua kwa shida. Tezi iliyovimba yatosha kumwita daktari wa mifugo, hata kama ng'ombe bado anakula. Daktari hutoa majimaji ya tezi kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini. Kipimo hiki si cha kupuuzwa, kwani ndigana baridi, maji moyo na ugonjwa wa kukojoa damu nayo huletwa na kupe na huambatana na homa, ilhali matibabu yake ni tofauti.

Hapa ndipo ng'ombe wanapopotea bure. Mfugaji hununua oksitetrasaiklini dukani, humdunga ng'ombe mwenyewe, kisha husubiri. Dawa hiyo hutibu ndigana baridi na maji moyo, lakini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo hufaa ikitolewa mapema. Mapafu yakishajaa maji, matumaini huwa madogo. Ni dawa ghali, ila haifikii bei ya ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasinywewe wala kuuzwa hadi daktari atakaporuhusu.

Ipo pia chanjo: ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyo hiyo, ili mwili ujifunze kuvikabili kabla havijamlemea. Hutolewa na mtaalamu tu. Aliyechanjwa huendelea kunyunyiziwa dawa ya kupe, kwani chanjo hii haikingi yale magonjwa mengine matatu. Mwenye kuhitaji ushauri amwone afisa mifugo, au aulize kwa sheha wa shehia yake.