Mazoezi kwa mtu wa Mavivi asiye na nafasi

Ushauri wa afya unaozunguka kwenye simu na redio hufanana kila mahali: amka alfajiri, vaa viatu vya michezo, kimbia nusu saa kabla ya kazi. Hebu upeleke ushauri huo Mavivi, mashariki mwa Kongo, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 inayotoka Beni kwenda Mbau, Oicha na Eringeti. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF katika eneo la Beni yamewafanya watu wengi wangoje mwanga kabla ya kutoka, na wawahi nyumbani kabla ya giza. Ukionekana unakimbia barabarani kabla ya mapambazuko, jirani hatakusifu. Atajiuliza unakimbia nini, na huenda naye akaanza kukimbia.

Tuziache basi mbio za alfajiri. Motari anayebeba abiria kwa moto (pikipiki), mwalimu, mama wa sokoni na karani wa uwanja wa ndege wana siku iliyobanwa na giza huku na huku, na katikati yake kazi imejaa. Nafasi ya mazoezi itatafutwa humohumo ndani ya kazi, na habari njema ni kwamba mwili haudai zaidi ya hapo.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na angalau siku mbili za kutumikisha misuli. Mwendo wa wastani ni ule ambao bado unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Mwongozo wa mwaka 2010 ulisema kila kipande kisipungue dakika 10 mfululizo. Ule wa 2020 uliondoa sharti hilo, na hapo ndipo mtu asiye na nafasi alipofunguliwa mlango: dakika tatu za kutembea haraka kwenda kisimani, nne za kurudi kutoka shuleni, mbili za kupanda mteremko, zote zinaingia kwenye hesabu. Ukigawa 150 kwa siku saba unapata dakika 21 na kitu. Zile hatua elfu kumi za kila siku zisikutishe. Zilianzia Japani katika miaka ya 1960, kwenye mauzo ya kifaa cha kuhesabu hatua baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Wala si kipimo kilichotoka kwa waganga.

Ila kila mahali pana mambo yake. Mtu wa Butembo anaishi zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, katika mji uliojaa vilima. Akienda kusalimia ndugu tu tayari amepanda na kushuka hadi moyo umedunda. Mavivi iko chini zaidi, kwenye mita elfu moja na ushee, na ni tambarare kiasi cha kuwekwa uwanja wa ndege. Mguu unaoburuzwa kwenye tambarare hauufanyishi moyo kazi kubwa. Hapa haraka ndiyo ichukue nafasi ya mlima. Shuka kwenye moto mahali penye watu, mchana kweupe, kipande kifupi kabla ya kufika, umalizie kwa mguu kama mtu anayechelewa.

Motari ndiye ninayemhofia kuliko wengi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi moja, mji mmoja, lakini madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Motari wetu ni yule dereva, tena hata akikosa mteja bado amekaa kwenye siti ya moto yake, akipiga hadithi. Dawa ya kwanza haina gharama: ukifika parkingi, shuka. Simama, zunguka, chuchumaa na kuinuka mara kumi ukishikilia siti. Tena unywe maji, maana wengi hujinyima ili wasisimame njiani kukojoa. Mama anayeuza unga na ndizi naye anaweza kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, aketi, ainuke tena mara kumi kati ya mteja na mteja. Majirani wa meza watacheka siku mbili, ya tatu watazoea.

Sasa kuna mama mwingine, na kwake ushauri wote huu ungekuwa dhihaka. Ni yule anayerudi kutoka shambani na mzigo wa muhogo au kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mtoto kifuani. Huyo asiambiwe afanye mazoezi. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba waliojishughulisha wakati wa mapumziko walipungukiwa na hatari ya moyo na kifo, ilhali waliofanya kazi nzito ya mwili kwa ajira hatari yao iliongezeka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu, lakini maelezo yanayotolewa yanaingia akilini: mazoezi ni mafupi na yana mapumziko, kumbe kazi nzito hupandisha shinikizo la damu kutwa nzima na haimngoji mtu apone. Mama huyo anahitaji mzigo upungue na mtu wa kumpokea. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Bidoni mbili za lita tano, moja kila mkono, zitahitaji safari ya pili lakini uti wa mgongo utashukuru. Na ikiwa nyumbani kuna kijana wa kiume anayetafuta misuli, bidoni ile ya 20 ndiyo mazoezi yake.

Kati ya anayeketi kutwa na anayebeba mizigo yupo mkulima aliyelikimbia shamba. Alizoea kutembea saa nzima kwenda kwenye kakao yake, akalima, akarudi. Leo ni mkimbizi wa ndani, analala kwa ndugu mjini, anaketi kibarazani akingoja habari. Mwili wake umeachishwa kazi kwa siku moja. Anachokula kimebadilika pia, maana kilichokuwa kinachumwa sasa kinanunuliwa. Kwake kutembea mtaani kila asubuhi, hata bila shughuli, ni zaidi ya mazoezi ya moyo. Husaidia pia kichwa kinachokosa usingizi.

Kwenye chakula, ningeanza na chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo cha mtu mzima hakifiki gramu tano kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyo kwenye sombe (majani ya muhogo), kwenye vidonge vya kiungo na kwenye makayabu (samaki wa chumvi). Makayabu yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe. Ukitia kiungo, chumvi ya mkono ipungue. Mawese yana rangi inayoupa mwili vitamini A, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli, hivyo yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Soda ya sentilita 33 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Motari anayekunywa mbili kwa siku kwa sababu ya joto amekula sukari ya familia. Maji, na papai au parachichi linalouzwa palepale kando ya barabara, vitamfaa zaidi, na maharagwe mchana yatamzuia asimalizie njaa yote kwenye sahani moja ya bugali saa mbili usiku.

Tansio, yaani shinikizo la juu la damu, haina dalili kwa wengi, kwa hiyo ipimwe. Keti dakika tano kwanza. Ukipimwa umetoka tu kwenye moto, kipimo kitadanganya. Ikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, muone daktari au muuguzi kabla ya kuanza mazoezi makali. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Na kwa Mavivi nitaongeza jambo moja: vidonge vya wiki mbili, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, vikae kwenye mfuko uleule unaoweka kadi ya uchaguzi na diploma za watoto, ule unaonyakuliwa wa kwanza watu wakianza kukimbia.