Mhandisi Kijana Anahitaji Shamba Lako, na Daftari Lako



Msimu uliopita kijana mmoja mhandisi, katoka chuo juzi tu, alileta kwenye kata yangu kikaushio cha mahindi alichokiunda mwenyewe. Tulikijaribu kwa wakulima watatu. Kilifanya kazi, kila mtu akasifia. Akaomba ruzuku ya serikali ili aunde vingine. Akakosa. Kilichomwangusha ni swali moja tu: takwimu ziko wapi?

Hatukuwa nazo. Na hapo kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa pale na kipima unyevu mkononi, sikuandika hata mstari mmoja.

Tuelewane: fedha zipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa MTUSATE unaogharamia utafiti na ubunifu. Tangu 2019 yapo pia mashindano ya MAKISATU. Hata fundi wa mtaani asiye na cheti ana kundi lake, na serikali huendeleza kazi za wanaofanya vizuri. Lakini fedha hizi zinashindaniwa. Kusema "wakulima wamekipenda" hakutoshi.

Sasa wewe unaingiaje? Yeye ana mashine, wewe una mavuno. Akija kujaribu, fungua daftari uandike:

- kilo zilizoingia na zilizotoka;
- unyevu kabla na baada (mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5);
- saa zilizotumika na gharama ya mafuta au kuni;
- kilichoharibika, bila kuficha.

Kisha wote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala. Na kubalianeni mapema kwa maandishi: mahindi yakiungua kwenye majaribio, nani analipa? Mashine ikifaulu, wewe utauziwa kwa bei gani? Msioneane haya, hii ni biashara.

Faida yako ni kupata kikaushio kilichopimwa kwa mahindi yako mwenyewe, na fundi wake unamjua. Wale ambao mvua imeshawakuta na mahindi kwenye turubai wananielewa.

Kijana anarudi msimu huu. Safari hii daftari nimenunua mimi. Kama uko kwenye kata yangu na una magunia 10 ya kujaribia, tuonane ofisini kabla ya mavuno. Kama uko kwingine, mwulize afisa ugani wako nani anaunda nini hapo jirani.