Kumasi: Soko, Kimondo na Kichwa cha Dhahabu

Uliza soko kubwa kuliko yote Afrika Magharibi ni lipi, na Mnigeria atakutajia Onitsha. Mghana hatakubali mpaka utaje Kumasi, makao makuu ya mkoa wa Ashanti. Soko jipya la Kejetia mjini humo, awamu ya kwanza tu, lina maduka na vibanda zaidi ya 8,000, na ubavuni mwake lilikuwepo Soko Kuu la tangu enzi za ukoloni.

Kwangu mimi, sifa kubwa ya soko hili ni wanawake wanaolitawala. Karibu kila bidhaa ina malkia wake, ohemaa: wa nyanya, wa vitunguu, wa viazi vikuu. Huchaguliwa na wauzaji wenzake, naye huamua ugomvi wa madeni na kusimama mbele yao bei ikibishaniwa. Kwa upande wa viazi vikuu, lori likishusha mzigo, mali huhesabiwa kwa mamia, na hapo ndipo sauti hupanda. Katikati ya zogo hilo wanapenya kayayei, wasichana wapagazi, wengi wao kutoka kaskazini, beseni la bati juu ya ngata, wakipiga kelele wapishwe njia. Bila shingo zao soko lingesimama, na malipo yao ni madogo mno kwa mzigo wanaobeba.

Ashanti haijaanza leo kuongozwa na wanawake. Mwaka 1900 Yaa Asantewaa wa Ejisu, jirani na Kumasi, aliongoza vita dhidi ya Waingereza. Alifia uhamishoni Shelisheli, visiwa vilevile walikopelekwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro.

Kumasi ina makubwa mengine pia. Uwanja wake wa mpira wa Baba Yara, wa watu 40,000 hivi, ndio mkubwa kuliko vyote Ghana. Suame Magazine ni miongoni mwa mitaa mikubwa ya mafundi wa magari barani. Na mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini lipo Bosomtwe, ziwa kubwa la asili kuliko yote nchini, lililojaa katika shimo la kimondo kilichoanguka miaka milioni moja hivi iliyopita.

Rekodi moja ya Kumasi haiko Kumasi. Mwaka 1874 Waingereza waliuchoma mji na kubeba hazina ya mfalme, kikiwemo kichwa cha dhahabu cha zaidi ya kilo 1, kinachotajwa kuwa kazi kubwa kuliko zote ya dhahabu ya kale ya Afrika nje ya Misri. Kimewekwa Wallace Collection, London. Mwaka 2024 baadhi ya vitu vya Waashanti vilifika jumba la makumbusho la Manhyia mjini Kumasi, vingine kwa mkopo tu. Kichwa hiki nacho kirudi, na kisiwe kwa mkopo.